Alikuwa 5-0, akaanza kupiga wavuni

Juni iliyopita, hapa Houston, nilipangiwa jamaa mmoja aliyefunga goti bandeji, raketi yake imechubuka ukingo wote. Ligi ya watu wazima ya USTA, chama cha tenisi cha Marekani, ngazi ya 3.5. Seti ya kwanza akanichapa 6-2. Ya pili alifika 5-0 sijavuta pumzi. Halafu mkono ukampoa ghafla. Sevu zikawa zinaishia wavuni, mbili kwa mpigo, na ile bekhendi iliyokuwa ikikwaruza mstari ikaanza kupaa mpaka kwenye uzio. Nikazoa gemu nne mfululizo. Nikajiona bingwa.

Tulipotoka, nahodha wetu, mzee anayemenya machungwa mechi nzima, akaniuliza kama kweli nilidhani zile gemu ni zangu.

Mambo yako hivi. Ngazi zinazotangazwa zinakwenda kwa nusu nusu: 3.0, 3.5, 4.0. Ila kompyuta inakuhesabia namba yenye desimali mbili baada ya kila mechi, na namba hiyo huonyeshwi. Haiangalii ushindi peke yake, inaangalia umemwachia mpinzani gemu ngapi na yeye ni wa kiwango gani. Ukibanwa na mtu uliyetarajiwa kumtwanga, unaweza kushinda na bado ukashuka. Mchezaji mgeni hujipangia ngazi mwenyewe, na akionekana mara tatu kuwa mkali kupita ngazi hiyo, anaondolewa. Kwa hiyo 6-2, 6-0 ni hatari kwake. 6-2, 6-4 haimshtui mtu.

Na yote haya ya nini? Timu ikishinda hapa inakwenda kanda, ikishinda huko inakwenda taifa. Watu wenye mvi, wenye madeni ya nyumba, wanajidunisha ili wapate fulana.

Mimi nasema zile desimali ziwekwe hadharani. Najua jibu litakalokuja, kwa sababu UTR, mfumo mwingine wa kupima viwango vya wachezaji wa tenisi, wanaziweka, kuanzia 1 hadi 16.50, na huko nako kuna ugonjwa wake: rafiki yangu amekataa mechi tatu mwaka huu kwa kuogopa kupoteza nukta mbili tatu. Sawa. Lakini anayekwepa anajinyima mwenyewe mchezo. Anayeachia gemu ananinyima mimi, maana nimeendesha gari dakika arobaini kwenye jua la Texas kuja kucheza na mtu ambaye hachezi. Namba ikiwa wazi, wenzake watamwona ikipanda na kushuka kama homa, na watauliza.

Kinachonichekesha ni kwamba mchezo wenyewe umejengwa juu ya uaminifu. Hatuna mwamuzi. Kila mtu anaamua mistari ya upande wake, na ukiwa na shaka kama mpira umetoka, kanuni inasema hesabu umeingia. Jamaa yule, kwenye mistari, alikuwa muungwana kabisa. Tukiwa 5-3 nilipiga forehendi ikatoka kama upana wa kiganja. Niliiona mimi, niliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Akainua kidole gumba, akasema imeingia, akanipa pointi.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa uungwana au zilikuwa hesabu zilezile.