Usiisugue Simu ya Vita

Simu yangu ya kwanza ya jeshi la Ujerumani niliiharibu kwa sabuni.

Niliinunua kwenye soko la vikorokoro la Jumapili, huku huku Ujerumani ninakoishi. Mzee aliyeniuzia alikuwa ameiweka katikati ya sahani na viatu vya watoto. Ilikuwa Feldfernsprecher 33, simu ya medani ya Vita vya Pili vya Dunia: kisanduku cha bakelaiti nyeusi, plastiki ngumu ya zamani, chenye mkanda wa kuning'iniza begani na mkono wa kuzungusha ubavuni. Ukiuzungusha unazalisha umeme wa kutosha kuliza kengele ya upande wa pili. Sauti inabebwa na betri kavu iliyomo ndani. Nyaya zikipungua, mmoja tu unatosha, na ardhi yenyewe inashika nafasi ya wa pili. Ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye baridi, njaa na vidole vya matope, na hadi leo kinaita.

Nilipofika nyumbani nikajaza beseni maji ya vuguvugu, nikasugua kama mtu anayesugua sufuria ya ubwabwa. Ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi iliyobanduka pembe moja. Nusu yake ikaondoka na sponji kabla sijatanabahi kwamba ilikuwa na maandishi.

Katika kundi letu la wakusanyaji wapo wanaosema chombo kizuri ni kile kinachong'aa kama kimetoka kiwandani jana. Wanapiga rangi upya, wanabadilisha skrubu, wananunua karatasi za kuigiza na kuzibandika kwenye vifuniko. Mimi nasema huko ni kufuta ushahidi, na nasema hivyo nikiwa mkosaji niliyekamatwa na sponji mkononi.

Ile nusu iliyobaki ilikuwa orodha ya kutajia herufi. Kwetu, jina lisiposikika kwenye simu, tunasema D ya Dodoma, M ya Mama. Wajerumani nao wana orodha yao, tena rasmi. Zamani D ilikuwa David, N ilikuwa Nathan, S Samuel, Z Zacharias. Machi 1933, wiki chache tu baada ya Hitler kushika madaraka, mkazi mmoja wa Rostock aliiandikia posta postikadi akitaka majina ya Kiyahudi yaondolewe kwenye orodha hiyo iliyochapwa katika kitabu cha simu. Hakuna aliyemtuma. Mwaka 1934 orodha mpya ikatoka: Dora, Nordpol, Siegfried, Zeppelin. Nordpol ni Ncha ya Kaskazini. Wayahudi walikuwa hawajaanza kupakiwa kwenye mabehewa ya kwenda kambi za mauaji, lakini majina yao yalikwisha kufukuzwa kwenye simu.

Na hilo neno Nordpol ndilo lililosalimika katika karatasi yangu.

Tangu siku hiyo sivutiwi sana na muhuri wa tai wa Kinazi, ambao ndio wengi wanauulizia kwanza. (Msalaba wa Kinazi kuuonyesha hadharani hapa ni kosa la jinai, ndiyo maana sokoni utaona vipande vya plasta vimebandikwa mahali pa ajabu.) Natafuta maandishi madogo, alama za mikono, namba zilizokwanguliwa kwa msumari. Kuanzia 1942 Siemens ilikuwa na karakana kando ya kambi ya mateso ya Ravensbrück, ambako wanawake wafungwa walisokota koili na kuunganisha vipuri vya simu. Kila ninapofungua kisanduku na kuona koili iliyosokotwa kwa unadhifu, sina njia ya kujua ni mkono wa nani. Je, nichukue brashi niufunike kwa vanishi?

Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe kwa msimbo, siizungumzii sana, maana inanunuliwa na matajiri. Ila nakiri wivu. Mwaka 2017 mashine moja iliyookotwa kwenye soko la mitumba la Bucharest kwa yuro 100 iliuzwa mnadani kwa yuro 45,000. Wapiga mbizi waliokuwa wakisaka nyavu zilizotelekezwa katika Bahari ya Baltiki mwaka 2020 waliibua nyingine, wakadhani ni taipureta. Ninayoipenda kuliko zote ni ile teleprinta ya Lorenz, mashine ya jeshi la Ujerumani ya kupeleka maandishi kwa waya, iliyotangazwa kwenye eBay na kukutwa sakafuni mwa banda huko Southend, Uingereza. Bei ilikuwa pauni 9.50, watu wa makumbusho ya kompyuta wakatoa noti ya kumi na kuacha chenji.

Redio nazo zina utamu wake. Torn.E.b, redio ya kupokelea iliyobebwa mgongoni, inatumia valvu nne, zile taa za kioo za redio za zamani, zote za aina moja, RV2P800. Fundi alihitaji kubeba aina moja tu ya akiba. Hapo hata mimi, nisiye na chembe ya mapenzi kwa jeshi lile, huvua kofia kwa mhandisi. Halafu nakumbuka redio ile ilikuwa ikisaidia nini, naivaa tena.

Baada ya vita Samuel na Zacharias walirudishwa kwenye orodha. Nathan na David hawakurudi. Mwaka 2022 orodha mpya ya maofisini ilikuja na majina ya miji, N ikawa Nürnberg, lakini mitaani bado ni Nordpol. Jina langu la ukoo lina N mbili, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikilitaja hivyo kwa madaktari, benki na watu wa umeme bila kujua nasema nini.

Wiki iliyopita nilipiga simu kuomba miadi ya daktari wa meno. Nikasema, "N kama Nathan."

Yule dada akanyamaza kidogo. "Samahani, N kama nani?"