Kahawa ya Kupima

Hapa Hamburg kahawa mimi huinunua Jumamosi, maana Jumapili Wajerumani wamefunga kila kitu. Muuzaji huchota buni zilizokaangwa kwenye mtungi, anazimwaga kwenye mizani, anatoa mbili, anarudisha moja. Halafu ananiuliza: nitapika na nini? Mfuko wa karatasi, gramu 250, yuro 13. Kwenye mtungi pameandikwa Nyeri, AA, yaani daraja la buni kubwa.

Nyanya yangu alichuma kahawa Nyeri mpaka mgongo ukakataa. Nyekundu tu, mbichi uache mtini, kisha debe kichwani hadi kiwanda cha ushirika. Kwake tulikunywa chai. Kahawa yetu kama inavyokunywewa na wenzetu, mimi niliionja nikiwa mtu mzima, ugenini, na nikailipia kodi: Ujerumani hutoza yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Buni mbichi haitozwi. Ndiyo sababu sipendi kuambiwa nimekuwa Mzungu kwa kupenda kahawa. Nimekuwa mjukuu aliyechelewa.

Lakini kinachonirudisha kwenye duka lile si kahawa peke yake. Ni ile kupimiwa. Mizani ile inanikumbusha mzee wa duka letu mtaani Buruburu, Nairobi, aliyefunga sukari robo kwenye gazeti kwa mikunjo mitatu bila gundi wala uzi, akakata mkate nusu, na deni la mama akaliandika kwenye kitabu chenye jalada la buluu. Alijua nyumba ipi ina wageni kwa kuangalia majani ya chai yaliyonunuliwa.

Desemba nilikuja nyumbani na kisagio cha mkono, mizani ndogo na karatasi za kuchujia. Dada yangu alicheka: "Umebeba vyombo vya hospitali?" Nikamwonyesha. Gramu 15 za kahawa, gramu 250 za maji, unamwaga kidogo kwanza, unasubiri unga uumuke. Hamburg nikishachemsha maji huwa nangoja yapoe kidogo, yasiunguze kahawa. Nairobi hakuna kungoja. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, unatoa motoni unamwaga. Mji mzima umepangwa kwa ajili ya kahawa na sisi tunachemsha majani. Mama alionja, akanyamaza, akairudisha kwenye sufuria na maziwa na sukari. Siku ya tatu ndiye aliyeuliza kama imebaki.

Ilikuwa imekwisha, nikatoka kutafuta. Duka la mzee halipo. Barabara yote nyumba zimesukumwa mbele kwa ekstensheni: kinyozi, wakala wa M-Pesa, duka la dawa, kinyozi mwingine. Kwenye duka lililobaki niliomba kahawa nikapewa kipakiti cha kuyeyusha. Buni za kusaga? "Hizo ni za mall, bosi." Na kweli, mall nilizikuta, kwa bei iliyokaribia ya Hamburg, na zilikuwa zimetoka kwenye kaunti za jirani.

Nililalamika jioni yote kuhusu mzee na gazeti lake mpaka dada yangu akachoka. "Unaikumbuka nusu mkate vizuri kwa sababu hukuwa ukiilipia," akasema. "Sisi tulikuwa tunakopa." Hilo sina jibu lake.

Ila sikubali kwamba kupima ni aibu ya maskini iliyopitwa na wakati. Supamaketi ya Nakumatt yenye rafu ndefu ilifungwa 2020, na mtaani maziwa bado yanapimwa, siku hizi kwa mashine: unaweka chupa, unataja ya shilingi ishirini, unapata ya ishirini. Mafuta ya kupikia vilevile. Mtu asiyeweza kununua pakiti nzima ya kahawa angeweza kununua vijiko vitatu, vimesagwa mbele yake, vikinukia mpaka barabarani. Wanaotembeza kahawa ya tangawizi mjini kwa vikombe vidogo wanajua wateja wapo.

Kabla ya kurudi nilimweleza hayo kijana wa mashine ya maziwa. Alinisikiliza huku akifuta bomba kwa kitambaa, akaangalia kushoto kwake, akapima kwa viganja.

"Hapa kando ya friji inatosha," akasema. "Lakini kukaanga nani atanikaangia?"