Mkienda India, pandeni behewa moja

Kuna namna ya kupanga safari ya India inayozunguka kwenye magrupu ya marafiki, na kila nikiiona roho inaniuma. Delhi, Agra, kisha treni ya usiku kwenda Jodhpur. Chini yake wameandika: wenye uwezo 1A (daraja la kwanza la treni) au ndege, wengine Sleeper (vitanda vya bei nafuu visivyo na kiyoyozi), tutakutana hotelini. Watu sita wamechanga pamoja mwaka mzima, wamehangaikia viza pamoja, halafu usiku wa tatu tu wanatengana kwa ukubwa wa mifuko yao.

Mimi hilo nalipinga kabisa. India ni nchi ambayo anasa na maisha ya kawaida vinakaa ukuta kwa ukuta, na anayekwenda na rafiki zake kisha akajitenga nao anauhamishia ukuta huo katikati yao. Atakayoyaona yeye hawatayaona wao, na asubuhi hawatakuwa na la kuzungumza zaidi ya bei.

Chukua treni ya Mandor Express. Inatoka Old Delhi usiku na asubuhi iko Jodhpur. Kwenye mabehewa ya General, yasiyo na nafasi za kuwekewa, watu wamebanana mpaka mlango wa choo. Sleeper ina madirisha ya vyuma yanayoingiza upepo na vumbi. Halafu zinafuata zenye kiyoyozi: 3A ya vitanda vitatu vitatu, 2A ya viwili viwili, na 1A, ambayo vyumba vyake vina milango ya kufunga. Nauli ya 1A hukaribia mara sita ya Sleeper, na injini inayowavuta wote ni moja, saa ya kufika ni moja.

Jibu ni 3A. Inagharimu kama mara mbili na nusu ya Sleeper, ina kiyoyozi, na mnapewa shuka, mto na blanketi, vitu ambavyo Sleeper haina. Kila sehemu ina vitanda sita vinavyotazamana, vitatu kila upande, na viwili vya pembeni ng'ambo ya njia. Marafiki sita wanaijaza sehemu moja, na tiketi moja hubeba majina sita. Kateni tiketi moja, msikate sita, maana mkikata mmoja mmoja mfumo utawatawanya behewa zima. Hata tiketi moja wakati mwingine huwatawanya. Hapo mtabadilishana na abiria wengine, na kanuni ni rahisi: toa kitanda cha chini upewe cha juu, utakubaliwa haraka. Ukiomba cha chini kwa kutoa cha juu, usimlaumu mzee atakayekataa.

Kitanda cha kati hukunjuliwa saa 4 usiku na kukunjwa saa 12 asubuhi. Nje ya saa hizo ni mgongo wa kiti cha walio chini, na anayeng'ang'ania kulala mpaka saa 2 anawanyima wenzake pa kukaa. Chini ya vitanda vya chini kuna pete za chuma. Nunueni mnyororo na kufuli pale stesheni mfunge mizigo.

Sasa tiketi zenyewe. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, saa 2 asubuhi ya India, yaani saa 11 na nusu alfajiri ya Afrika Mashariki. Mkichelewa mtakuta WL, orodha ya kusubiri, na hapo ndipo wageni wengi hukwama: tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria itoke, inafutwa yenyewe na fedha zinarudi, na huruhusiwi kupanda. RAC, nafasi ya kukaa huku ukisubiri kitanda, ni afadhali, unapanda, ila wawili mnagawana kiti cha pembeni. Msitegemee Tatkal, tiketi za dharura za siku moja kabla, kwa sababu tangu Julai 2025 mtandaoni inadai Aadhaar, kitambulisho ambacho mtalii hana. Mgao wa watalii wa kigeni ndio mlango wenu. Kwa baadhi ya madaraja unafunguliwa mpaka siku 365 kabla, na ofisi yake iko ghorofa ya kwanza ya stesheni ya New Delhi. Nendeni na pasipoti za wote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mgonjwa au mzee anahitaji 2A, na kwamba Sleeper mwezi Mei ni mateso. Lakini hayo yanahusu afya. Kama mmoja anahitaji, hameni wote, na mwenye nacho aongezee.

Chenji nayo msiidharau. Tangu noti ya 2,000 iondolewe kwenye mzunguko mwaka 2023, kubwa ni ya 500, na muuza chai mwenye birika hawezi kuivunja kwa kikombe cha rupia 10. Wenyeji wanamlipa kwa simu. Ninyi bebeni noti za 10 na 20.

Jodhpur mtaikuta Umaid Bhawan, kasri la kifalme, juu ya kilima. Ilianza kujengwa mwaka 1929 na kumalizika 1943, vyumba 347, nayo ilikuwa kazi ya kuwapatia riziki watu waliopigwa na ukame. Mawe yale yalibebwa na waliokuja kutafuta chakula. Leo sehemu moja ni makazi ya ukoo wa kifalme, nyingine hoteli ya makumi ya maelfu ya rupia kwa usiku, nyingine makumbusho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini jengo lile linawajua wote wawili, na hilo huwezi kuliona ukiwa umelala ndani peke yako huku wenzako wako chumba cha bei nafuu mjini.

Ingieni wote sita kwa mlango wa makumbusho. Mwenye fedha za chumba azipunguze ziwe meza ya chakula ya watu sita, na aiwekee nafasi mapema, kwa sababu upande wa hoteli haupokei mtu anayejitokeza tu getini. Kisha shukeni mjini kwa bajaji mbili, watatu watatu, bei mkiwa mmekubaliana kabla ya kupanda. Mliotoka kwenye meza ile msibishane na dereva kwa rupia 20.