Wahindi Wanaosoma Ng'ambo: Deni Huamua Kabla ya Moyo

Chukua kijana wa Warangal, jimbo la Telangana, aliyekopa rupia milioni 4 kwenda kusoma shahada ya uzamili ya kompyuta Marekani. Simzungumzii mtu fulani. Hesabu hii ni ya kawaida kabisa, maana ada na matumizi ya miaka miwili huko hupita kirahisi dola 45,000. Mkopo wa namna hiyo hutozwa riba ya asilimia 10 au zaidi, na mara nyingi dhamana yake ni shamba au nyumba ya wazazi. Riba peke yake, basi, ni rupia 400,000 kwa mwaka. Sasa weka kando yake mshahara wa kuanzia katika kampuni kubwa za huduma za kompyuta za Bengaluru na Hyderabad: kama rupia 350,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijasogea sana kwa zaidi ya miaka kumi. Tuseme shahada ya ng'ambo itamletea mara tatu ya hapo. Bado zaidi ya theluthi ya mshahara italiwa na riba kabla hajaligusa deni lenyewe na kabla hajalipa pango.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wa India kuhusu vijana wake ng'ambo huwa unaanzia kwenye uzalendo. Anayerudi ni mwana mwema, anayebaki ameisaliti nchi iliyomlea. (Nawazungumzia Wahindi wa India yenyewe, si Wahindi wa Kariakoo, Mombasa au Kampala, ambao nyumbani kwao ni hapa.) Na suala si la watu wachache. Mwaka wa masomo wa 2023/24 Marekani pekee ilikuwa na wanafunzi 331,602 kutoka India, na kwa mara ya kwanza tangu 2009 wakawapita Wachina.

Hoja ya wanaodai vijana warudi ina uzito, wala siipuuzi. Chuo cha kwanza kati ya vile vya teknolojia vya serikali viitwavyo IIT kilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, ndani ya majengo ya Hijli ambamo Waingereza waliwafunga wapigania uhuru. India maskini ilijinyima ili vyuo hivi vipate maabara na walimu wa kiwango cha dunia. Matokeo yake? Utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliwafuatilia vijana waliofanya mtihani wa kuingia IIT mwaka 2010: kati ya 1,000 waliofanya vizuri zaidi, asilimia 36 walihama nchi. Kati ya 100 wa juu kabisa, walihama asilimia 62. Mkulima wa Bihar anayelipa kodi kila anaponunua sabuni amechangia kumsomesha mhandisi wa California, huku mwanawe mwenyewe akikaa darasani bila mwalimu.

Na wapo waliorudi wakabadili maisha ya mamilioni. M. S. Swaminathan alipata udaktari wa falsafa Cambridge mwaka 1952, akafanya utafiti Wisconsin, Marekani, akapewa nafasi ya kazi hukohuko, akaikataa. Mwaka 1954 alikuwa India. Katika miaka ya 1960 ndiye aliyeongoza kazi ya kuzistawisha mbegu mpya za ngano katika nchi iliyokuwa ikisubiri meli za nafaka kutoka Marekani. F. C. Kohli alirudi mwaka 1951 akitoka chuo cha MIT cha Marekani, na baadaye akaijenga Tata Consultancy Services, kampuni ya huduma za kompyuta ambayo leo imeajiri watu zaidi ya nusu milioni. Hao hutajwa kila mara. Homi Bhabha naye hutajwa, ingawa yeye alikuwa likizoni India mwaka 1939 vita vilipozuka Ulaya, akashindwa kurudi Cambridge. Mwanzilishi wa sayansi ya nyuklia ya India alibaki nyumbani kwa sababu ya vita.

Wasiotajwa sana ni wale waliorudi wakakuta hakuna nafasi. Har Gobind Khorana alimaliza udaktari wa falsafa Liverpool mwaka 1948, na baada ya muda mfupi Zurich akarudi India mwaka 1949. Alitafuta kazi, hakupata inayomfaa. Akaondoka tena: Cambridge, kisha Vancouver, kisha Wisconsin. Mwaka 1968 alipewa Tuzo ya Nobel akiwa raia wa Marekani. Ni vigumu kumwita msaliti mtu aliyebisha hodi nyumbani akakosa wa kumfungulia.

Kisa cha B. R. Ambedkar ni kizito zaidi. Mtawala wa Baroda alimlipia masomo Columbia, New York, kwa mkataba kwamba akirudi atautumikia utawala huo. Akarudi mwaka 1917 na kwenda Baroda kama alivyoahidi. Kwa kuwa alizaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa, hakupata mtu wa kumpangisha chumba. Akaficha jina lake ili alale katika nyumba ya wageni ya Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta, na walipomgundua wakamfukuza. Yeye aliutimiza mkataba, mji ukamkataa. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India.

Kwa hiyo mwanafunzi wa tabaka hilo, ambalo leo huitwa Dalit, anaposita kurudi, hapimi mshahara peke yake. Ubaguzi huo nao husafiri, ni kweli. Mwezi Februari 2023 Seattle ilikuwa jiji la kwanza Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa tabaka, kwa sababu ulikuwa umeshawafikia wafanyakazi huko. Lakini kuwa mbali na watu wanaolijua jina la ukoo wako na maana yake ni nafuu ambayo mtu wa tabaka la juu hawezi kuiona, na wengi wanaohubiri uzalendo wanatoka tabaka hilo.

Upande wa wanaobaki nao una hoja zake. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2024 India ilipokea dola bilioni 129 kutoka kwa watu wake walio nje, kiasi kisichofikiwa na nchi nyingine yoyote, na Marekani sasa inaongoza kwa kutuma, mbele ya Falme za Kiarabu. Wahindi waliopanda vyeo katika kampuni za kigeni wamesaidia pia kuzileta ofisi zake Bengaluru, Hyderabad na Pune, na leo wapo vijana wanaofanya kazi ya kampuni ya Seattle bila kuhama mtaa waliozaliwa. Hayo si madogo. Ila fedha hizo huenda kwa familia ya aliyetuma: hujenga nyumba, hulipa karo, humtibu baba. Hazimweki profesa katika chuo cha jimbo la Odisha, wala hazisimamii tasnifu ya mtu.

Kilichobadilika sasa ni kwamba milango inafungwa upande wa pili. Mhitimu wa sayansi au teknolojia Marekani huruhusiwa kufanya kazi miaka mitatu kwa viza yake ya uanafunzi. Baada ya hapo anahitaji viza ya kazi ya H-1B, ambazo kwa kampuni za kawaida hutolewa 85,000 kwa mwaka kwa bahati nasibu, na Septemba 2025 serikali ya Donald Trump iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi. Hata akishinda, foleni ya ukazi wa kudumu kwa aliyezaliwa India ni ya miongo, kwa kuwa hakuna nchi inayoruhusiwa zaidi ya asilimia 7 ya nafasi za kila mwaka. Canada iliweka ukomo wa vibali vya wanafunzi mwaka 2024. Uingereza itapunguza muda wa kubaki baada ya kuhitimu kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kuanzia Januari 2027.

Wapo India wanaoshangilia: sasa watarudi. Mimi sioni cha kushangilia. Atakayerudi kwa nguvu ni yule wa Warangal, mwenye deni la rupia milioni 4, wala si profesa mwenye maabara yake. Na thamani ya rupia inamkandamiza zaidi. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama rupia 60, na mwishoni mwa 2025 ilivuka 90. Akilipwa kwa dola, deni linayeyuka kwa kasi. Akilipwa kwa rupia, linabaki palepale huku riba ikiota.

Halafu kuna kundi ambalo hubatilisha kabisa dhana kwamba vijana hawataki kurudi, nao ni wanafunzi wa udaktari wa tiba. Wengi walikwenda Ukraine, Urusi, China na Kyrgyzstan kwa sababu nafasi za nyumbani ni chache na vyuo binafsi ni ghali mno, na nia yao tangu mwanzo ilikuwa kuja kutibu India. Wakirudi hukutana na mtihani wa leseni ambao wengi wao hufeli kila unapofanyika. Vita vilipoanza mwaka 2022, Wahindi wapatao 20,000 walikuwa Ukraine, wengi wao wanafunzi hao. Serikali iliwaleta nyumbani kwa ndege na kwa sifa nyingi, kisha ikakataa kuwaingiza katika vyuo vyake wamalizie masomo. Kulinda viwango vya udaktari ni jambo la haki, kwani mgonjwa wa kijijini hastahili daktari nusu. Lakini nchi yenye upungufu wa madaktari ingeweza kuwafungulia masomo ya kujaziliza badala ya kuwaacha wakidai nafasi mahakamani.

Wengine wanapendekeza mikataba ya lazima: soma kwa kodi ya wananchi, kisha tumikia miaka kadhaa. Nimeipima hoja hii na siikubali, kwa sababu mkataba huvunjwa kwa kulipa faini, na mwenye baba tajiri hulipa faini akaondoka. Humfunga maskini tu. Na kama Baroda ilivyoonyesha, mkataba humrudisha mtu bila kumhakikishia hata chumba.

India ina mipango ya kuwavuta nyumbani watafiti, kama ufadhili wa Ramalingaswami kwa wanasayansi wa baolojia, nao unasaidia. Lakini nchi inayotumia takriban asilimia 0.64 ya pato lake kwa utafiti, wakati China inapita asilimia 2.4, haina viti vya kutosha vya kuwakalisha hao inaowaita. Na kwa mwenye mkopo hakuna mpango wowote wa maana. Watanzania tumelalamika sana kuhusu makato ya asilimia 15 ya HESLB, bodi yetu ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa haki kabisa mara nyingi, lakini makato hayo yanafuata mshahara: ukipata kidogo unakatwa kidogo, na shamba la baba halimo. Kama benki za serikali ya India zingekopesha kwa masharti ya namna hiyo, zikikata kwa asilimia ya mshahara popote mhitimu alipo na kusimamisha riba kwa muda kwa anayerudi, yule kijana angekuwa na uamuzi wa kufanya. Kwa sasa hana. Uamuzi ulifanywa siku baba alipotia saini hati ya shamba.