Sahani kumi na nne ukutani, biskuti moja mkononi

Jumapili moja jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka themanini na ushee, alinikaribisha kahawa. Mwaliko wenyewe ulianza wiki tatu kabla. Tulikutana kwenye ngazi, akatoa kidaftari mkobani, akapekua kurasa, akaniuliza kama tarehe fulani saa nne na nusu asubuhi nitakuwa na nafasi. Nikasema ninayo. Siku ikafika, nikashuka, kahawa ikamiminwa, kopo la biskuti likafunguliwa, nikachukua moja, kopo likafungwa. Tap. Hilo la mgeni kupewa biskuti moja tu wenzangu mlioko Uholanzi mnalijua, na mlioko nyumbani mmeshahadithiwa hadi mkachoka, kwa hiyo nalipita.

Kilichonishika ni ukuta.

Juu ya meza yake ya kulia zimetundikwa sahani kumi na nne. Nilizihesabu, maana biskuti ilikwisha mapema na macho hayakuwa na kazi nyingine. Nyingi ni za bluu na nyeupe, za kutoka Delft, mji wa huku Uholanzi: kinu cha upepo, meli ya matanga, mvuvi amekaa ukingoni mwa maji na ndoana yake. Mbili zina majogoo. Na katikati kabisa, mahali ambapo mimi ningeweka ile kubwa kuliko zote, ipo sahani iliyovunjika vipande vitatu ikaungwa kwa pini za chuma, pini kumi na moja, kama kidonda kilichoshonwa. Nikauliza kulikoni. Akasema aliivunja yeye akiwa na miaka tisa, na mama yake hakumchapa, aliipeleka kwa fundi ikashonwa. Ndiyo anayoitazama kila siku akila. Anakula peke yake, mumewe alishafariki.

Nikapanda ngazi kurudi kwangu nimekasirika, na hasira haikumhusu yeye. Ilihusu kabati.

Kabati mnalijua, hata kwenu lipo. La kwetu liko Chumbageni, Tanga: la mninga, vioo viwili vya kusukuma, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama. Ndani yake kuna seti ya vipande sabini na viwili, maua ya waridi na mstari wa dhahabu ukingoni, vikombe vimepinduliwa juu ya vitambaa vya kufuma. Seti ilinunuliwa kabla sijazaliwa, na mimi nina miaka arobaini na mitatu. Katika muda wote huo nimeiona ikiandaliwa mezani mara mbili. Ya kwanza siku ya posa ya dada yangu, ya pili siku mkubwa wa kazini kwa baba alipokuja kula mchana. Mara zote mbili sisi wenye nyumba tulilia jikoni. Nasema kula, si machozi, ingawa ile ya pili nilikaribia.

Tulikula kwenye melamini. Yangu ilikuwa ya kijani, maua yake yameshafutika kwa kusuguliwa na makumbi na majivu, na nyuma ina tone la rangi ya kucha nyekundu ili ikiazimwa kwenye shughuli isipotelee kwa watu. Jirani yetu alama yake ilikuwa rangi ya kucha ya zambarau. Kila baada ya msiba mtaani kulikuwa na mkutano wa kurudishiana sahani uani, kina mama wanazipindua moja moja kama wanapanga karata. Sahani zilizokula pilau la mtaa mzima ndizo hizo. Zile sabini na mbili ni za wageni.

Wageni gani? Nimeuliza swali hili tangu utotoni na sijajibiwa. Wageni wa kweli wa nyumba yetu, wale wasiopiga simu, wanaoingia na hodi yao mdomoni wakati mwiko uko sufuriani, wanakula nasi kwenye sinia. Seti inamngoja nani?

Basi mimi huku nimeanza ukuta wangu. Naendesha tramu Den Haag, na njia mojawapo inafika hadi Delft, kwa hiyo kila siku nabeba watalii wamepakata maboksi kifuani kama watoto wachanga. Mwanzoni niliwacheka. Halafu Aprili 27, Siku ya Mfalme, ambapo watu wa nchi hii hutandika mikeka barabarani na kuuza vya stoo (mnada wa kweli, mitumba ya chini kabisa, hata watoto wa miaka saba wanauza na hawapunguzi bei), nikanunua sahani mbili. Sasa ninazo saba, juu ya meza yangu ya kulia. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la familia.

Loo.

Shangazi akauliza kama kabati huku zimepanda bei. Mjomba akaandika, "Mwanamume mzima anapanga vyombo, kwani umeolewa wewe?" Binamu yangu wa Dar, ambaye kwake meza ya kulia kazi yake ni kupigia pasi, akasema nimeshakuwa Mzungu kamili. Na mama, ambaye ndiye niliyetaka aseme kitu, akaandika neno moja: "Vumbi."

Kwa mjomba nitajibu kwa heshima yake. Mjomba, sebuleni kwako kuna saa ya Maka iliyosimama saa saba na dakika kumi tangu nikiwa darasa la tano, na kalenda ya mwaka ambao hakuna tena anayeuhitaji. Kwa hiyo kutundika hatugombani. Tunagombana juu ya nini kinastahili msumari.

Na wewe binamu wa "Mzungu kamili", na wenzio mnaosoma hapa mkiwa na neno hilohilo mdomoni, tulieni kidogo. Sijasema huku kuzuri. Sahani kumi na nne ukutani na biskuti moja mkononi, nani atanishawishi kwamba huo ni ustaarabu? Kwetu sahani ya melamini iliyopauka inakuja na wali umerundikwa hadi ukingoni na mtu anakukasirikia usipomaliza. Nikiambiwa nichague kati ya hivyo viwili, nakata tiketi leo. Lakini kwa nini nichague? Nani alisema ukarimu na sahani nzuri haviwezi kukaa nyumba moja?

Isitoshe, hii ya kuweka sahani ukutani ni yetu. Muulizeni yeyote aliyesoma Tanga akapelekwa kwenye magofu ya Tongoni na shule. Mimi nilikwenda nikiwa darasa la sita. Makaburi yenye nguzo, nyingi zimeanguka, na kwenye zilizobaki mwalimu alituonyesha vishimo vya mviringo. Nikatia ngumi yangu kwenye kimojawapo, ikaingia yote. Humo, alisema, zilipachikwa bakuli za kutoka ng'ambo. Kaole, karibu na Bagamoyo, ni hivyohivyo. Kunduchi, Mambrui, hivyohivyo. Kilwa Kisiwani upo msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, ambao bakuli zilipachikwa juu kabisa, ndani ya kuba, ili aliyeinua macho akutane nazo. Na kwa walio hai, nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka, ukuta mzima, safu juu ya safu, chokaa imechongwa kama lesi, kila kidaka na chombo chake cha China. Aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha jinsi Pate ilivyoanguka, alitaja madaka ya sahani ambayo sasa wanalala makinda ya ndege. Katika vyote alivyoweza kuvililia hakuziacha sahani nje.

Sasa sikilizeni na upande wa pili. Hizi za Delft zinazobebwa kifuani kwenye tramu yangu zilianza kama mwigo. Waholanzi walikuwa wakileta kauri kutoka China kwa meli; utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na mzigo ukawa wa shida, wafinyanzi wa Delft wakachangamkia pengo. Hawakuwa na udongo wa kauri, basi wakachukua udongo wa kawaida, wakaupaka rangi nyeupe ya bati, wakachora kwa bluu. Kiwanda kimoja cha mwaka 1653 kinafanya kazi hadi leo. Hodari, sikatai. Ila chubua ukingo wa sahani ya zamani ya Delft uone, chini ya weupe utakuta udongo wa manjano. Pwani yetu walipokuwa wakipachika kauri halisi ya China kwenye kuta na makaburi, huku bado. Kwa hiyo nikitundika sahani naambiwa nimeiga Wazungu, na Wazungu wenyewe waliiga kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho asili yake.

Halafu fahari inanitoka nikikumbuka vile vishimo. Bakuli zimekwenda wapi? Zimebanduliwa, zimekwenda na waliozitaka. Tulichobaki nacho ni kabati lenye kufuli. Tumetoka kwenye kupachika uzuri mahali ambapo hata maiti ana sehemu yake, tumefika kwenye kuuficha usionwe na watoto wetu wenyewe.

Kwa atakayetaka kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuharibu. Usinunue seti. Seti ukutani inafanana na duka. Chukua moja moja, kila moja iwe na sababu, hata kama sababu ni kwamba mtoto aliyekuuzia alikuangalia vibaya ulipoomba apunguze. Igonge kwa kucha kabla hujalipa: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inakohoa. Imulike kwenye taa. Kauri ya kweli utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, udongo hutaona kitu. Igeuze nyuma, soma muhuri, na tazama kama pete ya chini ina vitundu, maana nyingi za Delft zilitobolewa tangu kiwandani zipitishwe uzi na kutundikwa. Isiyo na vitundu inataka waya wenye springi na kulabu nne, na hapo ndipo nilipovunja ukingo wa ile yenye jogoo, nilinunua waya mdogo ukaibana usiku kucha, asubuhi kipande kipo sakafuni.

Kabla ya kutoboa, kata magazeti mviringo kwa ukubwa wa kila sahani, ubandike ukutani kwa gundi ya karatasi, uishi nayo wiki nzima. Mimi nilihamisha ile kubwa mara nne. Nyumbani pwani jueni kwamba springi zitaliwa na chumvi, tumieni uzi wa nailoni wa kuvulia. Ukuta wa mawe na chokaa haushiki msumari, utoboe, upigie kipande cha mti kwanza, ndipo skrubu. Na kama umepanga, mwenye nyumba amekwambia hataki tundu ukutani na kodi umelipa ya miezi sita, hapo sina jibu. Pole.

Vumbi, mama, ni kweli. Nazishusha mara moja kwa mwezi.

Nimeacha nafasi moja katikati. Msumari upo, sahani haipo, na jirani yangu wa chini alipopanda juzi (aliandika kwenye kidaftari, wiki mbili) ndicho kitu cha kwanza alichouliza. Nafasi ile ni ya sahani ya bibi yangu. Imo ndani ya kabati, nyuma ya seti, nyeupe, imezungukwa na maua mekundu na majani yaliyogongwa kwa sponji, kila jani limetoka tofauti kidogo na mwenziwe. Ndiyo iliyoandikiwa kombe tukiumwa. Zafarani kwa marashi, maneno ya Kurani yanakauka kwenye ule weupe wa katikati, yanaoshwa kwa maji, unakunywa. Mara ya mwisho nilipokwenda likizo nikabahatika kuishika, nikaigeuza. Nyuma kuna muhuri wa mnyama mwenye kichwa cha mtu, na neno Maastricht, mji wa hukuhuku Uholanzi. Ni kiwanda cha vyombo cha Petrus Regout. Yaani chombo tulichonywea dawa Chumbageni kilifinyangwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa treni kutoka hapa nilipokaa.

Nimeiomba. Mama kwanza alisema chombo cha kombe hakitundikwi. Nikamwambia hakuna aliyeandika kombe tangu bibi afariki. Akasema haitafika salama. Nikasema nitakuja kuichukua mwenyewe Desemba, nitaibeba kifuani ndani ya ndege kama wale watalii wangu. Akanyamaza, akatazama pembeni, akasema tatizo ni kwamba ufunguo wa kabati hauonekani, wameutafuta nyumba nzima.

Tulikuwa kwenye simu ya video. Pindo la khanga nililiona, limevimba fundo.