Huyo Mbwa Uliyemfungia Halindi Kitu

Umerudi tena. Ule ujumbe wa "siri za kumfanya mbwa awe mkali" umeanza upya kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mfungie gizani mchana kutwa asione watu. Mlishe mara moja tu, usiku, njaa iwe imemkaba. Mtilie pilipili kwenye uji. Mkate masikio. Huko chini wajuzi wanajazia: mpe bangi, mlishe mavu. Na kila anayesoma anajibu "ubarikiwe kaka", kisha anakwenda dukani kununua kufuli la banda.

Tumalizane kwanza na ya kijinga. Pilipili inamuunguza mbwa tumbo, na mbwa anayeharisha hakimbizi mtu. Bangi inamlewesha, anapepesuka na kujikojolea. Masikio hayahusiani kabisa na ukali, na kuyakata kwa wembe bila ganzi ni ukatili mtupu. Sirudi huko.

Linalonikera ni hilo la kumfungia, maana hilo linafanywa na watu wenye akili zao timamu, wenye nyumba nzuri na geti lililoandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Saa kumi na mbili asubuhi mbwa anaingizwa kwenye kibanda nyuma ya stoo, mahali hata kugeuka ni kazi. Saa nne usiku anafunguliwa. Hivyo hivyo mpaka afe. Na mwenye nyumba analala akijua ana mlinzi.

Mlinzi gani? Mbwa hawezi kumtambua mgeni kama hajui wenyeji ni akina nani na siku ya kawaida inafananaje. Yule anayeshinda uani anamjua muuza maziwa kwa mlio wa baiskeli yake. Anajua bodaboda ya jirani inaingia saa tano usiku, na kwamba embe likidondoka juu ya bati si vita. Kwa hiyo akibweka saa nane za usiku, unaamka, kwa sababu kuna jambo. Aliyeshinda kizani ndani ya banda anasikia hayo yote bila kuona hata moja. Kwake kila sauti ni tishio, basi anabwekea paka, popo, mbalamwezi na mtoto wa jirani anayekohoa. Wiki ya kwanza unatoka na tochi. Wiki ya pili unapiga kelele dirishani, "Simba, nyamaza!" Mwezi wa tatu humsikii tena, na mwizi anayajua hayo kuliko wewe.

Banda likiwa karibu na geti, mambo yanaharibika zaidi. Mpita njia anapita, mbwa anabweka, mpita njia anaendelea na safari zake. Sisi tunajua alikuwa anaenda zake sokoni. Mbwa anajua kwamba amemfukuza. Hilo likijirudia mara thelathini kwa siku, limekwisha kuwa somo: kuruka na kubweka kunafukuza watu. Siku komeo likiachwa wazi, mbwa yule yule anamrukia fundi bomba aliyeitwa na mama mwenye nyumba.

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Anayeng'atwa na mbwa wa namna hii mara nyingi si mwizi. Ni dada wa kazi anayepeleka chakula, au mtoto wa nyumbani aliyefuata mpira. Mbwa aliyekua bila watu hana ujasiri, ana woga, na mbwa mwoga akibanwa kona ndiye anayeuma bila kubagua. Mwizi anakuja na tahadhari, anapanga, anapima ukuta. Mtoto hapangi kitu.

Tufike kwenye njaa. "Usimshibishe, atalala." Nani aliyetunga hili? Kuna mbinu moja ya wezi ambayo kila mtaa unaijua: kipande cha nyama chenye sumu kinarushwa juu ya ukuta, wanasubiri nusu saa, wanaingia. Sasa fikiri, ni mbwa yupi atakayekidaka hewani? Yule aliyekula asubuhi na jioni, au yule uliyemnyima makusudi ili awe mkali? Umemwandaa mwenyewe, umemkabidhi kwa mwizi akiwa na hamu ya kula.

Mbwa anaweza kufundishwa kutogusa chakula kisichotoka kwenye bakuli lake. Si muujiza, ni kazi ya dakika 5 asubuhi na 5 jioni kwa miezi kadhaa, na inafanywa kabla ya mlo. Fumba dagaa mmoja mkavu, asiye na chumvi, kwenye ngumi. Mbwa atanusa, atalamba, atakwaruza kwa kucha. Wewe kimya, usimkemee. Pale tu anapouondoa mdomo wake, hata kwa sekunde moja, sema "vizuri" na umtilie dagaa mwingine kwenye bakuli kutoka mkono wa pili. Wa ngumini hapewi kamwe. Neno na dagaa vifuatane papo hapo. Ukichelewa sekunde tatu nne umeshamsifia jambo jingine, labda kule kujikuna. Akizoea, hamishia sakafuni, dagaa akiwa chini ya kiatu chako. Kisha mfunge kamba imara na umwombe mtu asiyemfahamu arushe kipande cha nyama ndani ya ua. Kamba inamzuia asikifikie. Akigeuza uso kukutazama, bakuli linajibu. Badilisha mtu, saa na upande wa ukuta, na mazoezi ya usiku yasikosekane.

Yanayoharibu somo hili ni mawili. La kwanza ni kumwachia akakiokota mara moja tu. Ameshajua kwamba kuna siku chakula cha chini kinapatikana, na atakuwa anaijaribu bahati yake daima. La pili ni familia. Wewe unafundisha, huku baba mkwe anarusha mifupa kutoka barazani na watoto wanamwaga ukoko wa ugali mchangani. Kila kitu kiingie kwenye bakuli, hata mfupa. Na mfupa wenyewe uwe mbichi na mkubwa, kwa sababu wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Haya, nakubali: sumu bado inaweza kumshinda hata mbwa aliyefundishwa. Kwa hiyo usiku asilale kando ya ukuta wa nje. Mweke barazani, karibu na mlango, ambako mwizi lazima aingie kwanza ndipo amfikie.

Kwa anayechukua mtoto wa mbwa leo, dirisha la kumzoesha dunia ni wiki ya 3 hadi ya 14 hivi tangu azaliwe. Asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, ambayo ina maana umebakiwa na wiki sita. Zitumie. Aone kofia ya bodaboda, kanzu, buibui, mwavuli, fimbo ya mzee, mkokoteni, watoto wakikimbia. Asikie jenereta na kipaza sauti cha msikiti, kila kimoja kikiambatana na dagaa kidogo na umbali wa kutosha asitishike. Daktari wa mifugo atakwambia chanjo hazijakamilika hadi karibu wiki ya 16 na kwamba parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, upo, na ana haki. Basi mbebe mikononi, usimweke chini mahali mbwa wengine wanapojisaidia. Kusubiri miezi minne ndani ya uzio ni kuuza dirisha zima. Na usiogope kwamba atakuwa rafiki wa kila mtu. Mbwa aliyezoea watu mia bado anamjua anayeruka ukuta usiku.

Fundisho jingine linalodharauliwa ni gunia. Liweke hatua tano kutoka getini. Mtu akigonga, mbwa anakwenda kulala juu ya gunia, na geti halifunguliwi mpaka tumbo lake liguse chini. Anza bila mgeni, gonga mwenyewe kwa mkono. Akinyanyuka, geti linafungwa, mnaanza upya. (Amri mpe kwa lugha yoyote. Mbwa wengi wa Dar wameamrishwa kwa Kiingereza tangu wadogo na hakuna aliyepata cheti.) Hili ni la adabu hasa kwetu wa pwani. Jirani anayekwenda swala ya alfajiri akigusana na mate ya mbwa wako analazimika kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Ukimwachia mbwa amrukie halafu ukacheka kwamba "anataka kucheza tu", umemdharau mtu mzima.

Halafu kunguruma. Msimpige mbwa kwa kunguruma! Ile ni taarifa: nimebanwa, sogea. Ukimchapa kila akinguruma hutaondoa kubanwa, utaondoa taarifa, na siku nyingine atauma kimya kimya.

Akiuma mtu, wote tunajua, ila hatufanyi: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hospitali siku ile ile, mbwa azuiwe na kuangaliwa siku 10. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Kumchanja mbwa kila mwaka ni nafuu kuliko bili ya hospitali.

Na mwenye mbwa aliyefungiwa miaka mitatu? Asifungue banda kesho kwa jazba baada ya kusoma hapa. Aanze na daktari: meno mabovu, masikio yaliyooza na kupe humfanya mbwa mkorofi, na hapo mafunzo hayasaidii. Kisha milo miwili mchana kweupe, ikipelekwa na kila mtu mzima wa nyumba. Kati ya milo, pita mbali na banda, rusha dagaa ndani ya bakuli bila kumkazia macho, ondoka. Akiacha kurukia nondo na kuanza kungoja mwili ukiwa umelegea, mtoe kwa kamba ya mita 5 saa ambazo geti limefungwa na watoto wako ndani. Mzoeshe kikapu cha mdomo, kile kinachomzuia kuuma, kwa kumtilia chakula humo kwanza, siku nyingi kabla ya kukifunga. Muda wa kukaa nje uongezwe kidogo kidogo, na akirudia kuruka, rudi hatua moja nyuma. Wengine hawarudi sawa hata kwa mwaka. Huyo apewe ua wake wenye uzio na kivuli, mbali na njia ya kuingilia, na asiachwe na mtoto hata dakika moja.