Kabla lori halijaondoka, pigeni hesabu ya umeme
Habari inasema shule ya kijijini isiyo na umeme wa gridi itapelekewa kompyuta 20 za mezani zilizotumika, pamoja na sola. Hongereni sana, ila kabla lori halijatoka Dar naomba wahusika wapige hesabu. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula kama wati 100. Zikiwa 20 kwa saa 4, hizo ni uniti 8. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, hubeba uniti 2.4, na ukiinyonya zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo hesabuni uniti 1.2 tu kwa kila betri. Zinatakiwa betri 7, na kwa umeme unaopotea kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) wekeni 8. Kompyuta mpakato za wati 30 zingetosheka na betri 3.

Kama zimetoka Marekani, angalieni nyuma ya kila moja, karibu na tundu la waya: nyingi za zamani zina kiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Kikiachwa 115, ukichomeka tu kwenye umeme wetu wa 230 unasikia "pa!", pawa saplai (kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme) imekwenda.

Badilisheni pia kile kibetri bapa cha CR2032 kilichomo ndani ya kila kompyuta, kinachotunza saa yake ikiwa imezimwa. Kikifa, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, tovuti nyingi zinakataa kufunguka na mwalimu anadhani intaneti ndiyo mbovu. Vya akiba nunueni Kariakoo kabisa, na mwalimu wa palepale afundishwe kukibadili, maana nauli ya fundi kutoka mjini inazidi mbali bei ya kibetri.